Moyo Uliomshtaki Sevelina

Jeneza lilikuwa halijashushwa bado pale Sevelina Kikoti alipojitupa ndani ya kaburi.

Hakuteleza wala hakusukumwa. Alikuwa amelizunguka kwanza, ndani ya koti la marehemu, lile la kijivu lenye viraka viwikoni, akichechemea mguu wa kushoto vile vile alivyochechemea Mzee Alkwin Gama enzi za uhai wake, na fimbo ya mzee mkononi. Kisha akaruka, akajilaza chali kwenye udongo mwekundu, akakunja mikono kifuani.

“Mmechelewa! Chumba kimeshapata mpangaji,” alipaza sauti kutoka chini. “Nyie wala panya, mnamzika nani? Alkwin hajafa. Anakwepa palizi. Namjua huyu, kila mahindi yakifika magotini lazima augue!”

Waliokuwa wakilia walianza kucheka kabla hawajafuta machozi.

“Fungeni mbwa!” mjomba mmoja alijibu kutoka nyuma. “Mhehe amefika na njaa yake, na nyama tuliyopika haitamtosha!”

“Mbwa wenu wamekonda hivyo, nani awatake? Mnawalisha mikia ya panya!”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Wahehe na Wangoni walichomana mikuki mpaka wakachoka, na walipochoka wakaachiana utani: ruhusa ya kutukanana popote, hata kwenye mdomo wa kaburi, na asikasirike mtu. Wafiwa hulia na ndugu zao. Mtani kazi yake ni kuwazuia wasizame.

Kandida Gama, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama upande wa kichwani, kitambaa kikavu mkononi. Hakuwa amelia tangu afike kutoka Iringa. Sevelina alimwona. Akapanda kutoka kaburini, udongo umemjaa mgongoni, akamwelekezea fimbo.

“Na huyu mhandisi wetu! Amekuja kuzika au kukagua? Baba yako alikaa kibarazani anaiangalia barabara, kila vumbi likitimka anasema ni Kandida huyo. Mwisho akaona bora afe, labda kwa jeneza utakuja!”

Wangoni wakaangua kicheko. Kandida alitaka kucheka nao. Alifungua mdomo acheke, lakini moyo wake haukumngoja. Uliruka, ukagonga mbavu kama mlevi anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua.

Chini ya ngozi ya taya la Sevelina ikawaka taa ndogo nyekundu. Ulimi wake ukasimama katikati ya neno. Alijaribu tena, midomo ikacheza, kikatoka kikoromeo tu. Vicheko vikakatika. Watu wakaanza kutazamana mataya, kama ilivyokuwa desturi nchi nzima, maana ushanga, kifaa alichopandikizwa kila raia tayani, unapomuuma msemaji kwa rangi nyekundu, ushanga wa yule aliyeumizwa huwaka bluu.

Taya lililokuwa likiwaka bluu lilikuwa la Kandida.

*

“Uzime huo ushanga,” alisema Otmar.

Mdogo wake Kandida alikuwa seremala. Jeneza la baba alilichonga mwenyewe, na mabaki ya randa yalikuwa bado yamemnasa nyweleni. Walikuwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo kina mama walikuwa wakiosha masufuria, na mara tu alipoanza kusema kina mama wakabeba masufuria yao wakaondoka.

“Hauzimwi, Otmar.”

“Wewe si ndiye uliyeutengeneza? Uzime, Mama Kikoti aseme.”

“Hii ni mara yake ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za ugomvi, si za utani.”

Hakuna mtoto wa nchi hiyo ambaye hakuijua Sheria ya Utulivu. Ushanga ukikuuma mara ya kwanza, huwasha kama pilipili, kisha hupoa. Mara ya pili ulimi unakuwa mzito mpaka kesho yake. Mara ya tatu mshipa wa ulimi unafungwa, na hakuna anayeufungua, awe daktari, hakimu au waziri. Kandida na wenzake waliujenga hivyo makusudi, kwa kuogopa rushwa. Kitu chenye mlango wa nyuma, walisema, matajiri ndio watakaoutumia.

“Sielewi,” Otmar alisema. “Sisi tumetukanana na Wahehe kwenye harusi, sokoni, kwenye mpira. Ushanga umenyamaza miaka yote. Leo umekuwaje?”

“Ushanga hausikilizi matusi peke yake. Unasikiliza ukali wa sauti ya msemaji, halafu unauliza moyo wa msikilizaji. Moyo ukitulia, ni mzaha. Moyo ukishtuka, ni shambulio. Tuliupima harusini. Tuliupima vilabuni na viwanjani. Tukaona kazi imekwisha.”

“Na msibani?”

Kandida alitazama maji machafu yakitafuta njia kati ya mawe. “Nani angebeba mitambo msibani, Otmar? Nani angemwendea mfiwa amwambie, samahani mama, nipe kifua chako nipime mapigo? Tuliona ni utovu wa adabu.”

“Adabu!” Otmar alicheka bila furaha. “Mmeingia kwenye koo la kila raia bila hodi, halafu mnasimama mlangoni kwa mfiwa mnaona haya. Dada, serikali haina kazi mdomoni mwangu. Ilinde mipaka, ichimbe barabara, basi. Nikimtukana mtu, anitukane. Nikimzidi, anishtaki. Mdomo ni wangu.”

“Mama aliuawa na mdomo.”

“Usianze.”

“Naanza. Masika ya Moto ulikuwa umebebwa mgongoni, hukumbuki. Mimi nakumbuka. Hawakuja na mapanga kwanza. Zilikuja sauti kwenye simu, siku nenda rudi, fulani ni mdudu, fulani ni magugu, wale hawana haki na shamba lile. Kila mtu mdomo wake ulikuwa mali yake, na kila mtu alikuwa huru kabisa. Halafu ikaanza kutafutwa petroli. Nani alimlinda Mama? Uhuru wako?”

“Na leo nani amemlinda Mama Kikoti? Serikali yako?”

“Nitakwenda kwa Kamishna.”

“Ukampigie magoti. Yule mama alikuwa anamfuta baba machozi hospitalini wakati wewe unafuta vioo vya maabara. Moyo wako ndio uliomshtaki, Kandida. Hata mashine imekujua kwamba unayo hatia.”

“Kaa kimya, mpumbavu wewe! Unachonga mbao, hujui kuchonga hata wazo moja! Ungekuwa mtu mzima siku ile ungekuwa unabeba dumu nyuma ya wenzio!”

Alipolisikia neno hilo limeshatoka, pilipili ilikuwa tayari imesambaa mdomoni. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu msiba uanze, na hayakuwa ya baba. Mbele yake taya la mdogo wake lilikuwa likiwaka bluu.

“Moja,” alisema Otmar kwa sauti ya chini, akaondoka.

*

Kamishna Idrisa wa Idara ya Utulivu hakuwa na jina la pili. Alilifuta siku Sheria ilipopita, akawataka watumishi wote wamuige, ili pasiwepo tena mtu wa kusoma ubini wa mwenzake na kujua kwao ni wapi. Wengi walimuiga. Kandida alikataa, na hilo Kamishna hakulisahau.

“Pole sana na msiba, dada Kandida. Kaa. Chai ya tangawizi au ya maziwa?”

Alisema kwa upole. Siku hizi kila mtu alisema kwa upole. Mtu alifukuzwa kazi kwa upole, akanyang'anywa nyumba kwa upole, akaambiwa kwa sauti ya kubembeleza mtoto kwamba ukoo wake wote haufai, na ushanga haukuwaka, kwa sababu ulijengwa kukamata moto, na chuki ya nchi hiyo ilikuwa imejifunza kuwa baridi. Kandida alikuwa ameliona hilo zamani. Alikuwa akijiambia kwamba baridi haichomi nyumba.

Sevelina, aliyeletwa ofisini hapo na Kamishna, alikuwa ameketi pembeni ya dirisha, bado ndani ya koti la marehemu. Mtani akishika kitu cha marehemu hakiachii mpaka wafiwa wakikomboe kwa pesa, na hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kulikomboa koti hilo.

“Shikamoo, Mama Kikoti,” alisema Kandida.

Sevelina akamtazama tu.

“Nimekuletea habari njema,” alisema Kamishna. “Ulimi wake unaweza kufunguka. Na ndimi za wengine wote walioonewa misibani, maana si yeye peke yake, usijidanganye. Ufundishe ushanga utani. Mhehe akimtukana Mngoni msibani, uelewe ni mila. Ukielewa, utazipitia wenyewe adhabu ulizozitoa kwa kosa na kuzifuta. Si mlango wa nyuma huo. Ni kusahihisha.”

“Ili uelewe, lazima ujue kwanza nani Mhehe na nani Mngoni.”

“Naam.”

“Na nani Mzaramo, nani Mnyamwezi, nani Mpare, nani Mchaga. Kila koo, kila mtu.”

“Nchi yetu ina watani wengi,” alisema Kamishna, akapuliza chai yake. “Na kazi hiyo tayari ipo nusu. Ushanga unamsikia mtu tangu anaamka. Unajua anavyoomboleza, anavyombembeleza mtoto, lugha anayoiota. Unajua kila mtu ni wa wapi. Ni wewe uliyeufumba macho usitwambie.”

Ilikuwa kweli. Mwaka ule wa kwanza, Kandida alipoona mashine yake inawachambua watu kwa kabila bila kuagizwa, hakulala. Wauaji wa Masika ya Moto iliwabidi waulize majirani nyumba ipi ni ya nani. Mwenye kifaa hiki asingehitaji kumuuliza mtu. Akaipofusha, akaitia kufuli, na ufunguo wa kufuli ukawa sauti yake mwenyewe. Na kwa kuwa alizijua serikali, alifanya kufuli likubali sauti hiyo ikiwa imetulia tu. Akitishwa, akipigwa, akiogopa, halifunguki. Ndiyo maana Kamishna alikuwa akimnywesha chai.

“Utapata unachokitaka,” Kamishna aliendelea. “Watu watakuwa huru kutaniana. Ndugu yako seremala atafurahi, nasikia anapenda sana uhuru.”

“Uhuru wa kibali.”

“Uhuru wote ni wa kibali, dada. Tofauti ni nani anautia muhuri. Serikali, au mtu mwenye dumu la petroli. Wewe uliyaandika maneno hayo, nami nikayapenda.”

Aliyaandika kweli. Na bado aliyaamini nusu, hilo ndilo lililomkera.

Sevelina akasimama. Akaja mpaka mbele ya kiti cha Kandida, akagusa midomo yake kwa vidole, akafungua mdomo, akamwonyesha ulimi uliolala kama kitu kilichochinjwa. Kisha mwanamke yule, aliyewahi kumwita mkuu wa wilaya kuku wa kizungu akiwa mbele ya mke wake, akapiga magoti sakafuni. Akaunganisha viganja. Akatikisa kichwa kuelekea kwa Kamishna: mpe. Akagusa tena midomo yake.

Asubuhi Otmar, aliyekuwa ameshadokezwa na watu wa Kamishna, alikuwa amempigia simu na kusema sentensi moja ambayo sasa tu Kandida aliielewa: “Usiniletee hesabu ya mamilioni, Kandida, yupo mtu mmoja na unamjua jina.” Ajabu ilikuwa hiyo. Mpenda uhuru alimtaka aipe serikali kila kitu, kwa ajili ya ulimi wa mtu mmoja. Na yeye, mtoto wa serikali, alikuwa amekaa hapo akiiangalia serikali kama mtu anavyomwangalia mbwa wake mwenyewe aliyeanza kutoka povu.

Alimwinua Sevelina, akamkalisha kwenye kiti chake. Alisimama.

“Kamishna,” alisema kwa sauti kubwa, “wewe ni kupe.”

Kamishna akatabasamu.

“Kupe umenenepa shingoni mwa watu, halafu unawaambia wakushukuru kwa kuwapunguzia damu chafu! Muoga, mlamba viatu, huna jina wala aibu!”

Kamishna akaendelea kutabasamu, moyo wake umetulia kama maji ya mtungini, na ushanga wa Kandida haukuuma. Matusi hayakumfikia mtu huyu. Alishawahi kutukanwa na mabingwa. Kandida akavuta pumzi.

“Unaikumbuka siku tulipovaa shanga za kwanza? Sisi wa ofisini, tulijipima wenyewe kabla ya raia. Kabla sijazifumba macho.”

Kikombe kikasimama njiani.

“Nilisikiliza sauti zote, Idrisa. Na yako. Jina ulilolifuta nalijua! Kijiji nakijua! Na masika yale najua kijiji hicho kilikuwa upande gani wa moto!”

Chini ya ndevu zilizonyolewa vizuri, taya la Kamishna likawaka bluu.

Pigo la pili lilikuwa zito. Ulimi wa Kandida ukageuka kipande cha udongo, lakini ulisogea bado, na alikuwa na hasira ya kuusukuma. “Hata wewe!” alisema, maneno yakimtoka kama ya mlevi. “Una askari mlangoni, na moyo unakudunda kwa kuwa mtu mmoja anajua! Unataka kila atakayekalia hicho kiti baada yako ajue hivyo kwa kila raia?”

Hapo ndipo Kamishna alipoelewa. Alisimama, chai ikammwagikia mapajani. “Nyamaza. Mhandisi, nakuomba, nyamaza, huo ulimi ndio…” Akakamata kingo za meza, akaanza kuvuta pumzi ndefu kama mwanamke aliye kwenye uchungu, akijaribu kuuamuru moyo wake utulie. Lakini moyo haupokei amri. Kifaa chote kile kilijengwa juu ya imani hiyo.

Kandida akainama juu ya meza mpaka karibu na sikio lake. Akalisema lile jina la pili, na la kijiji, kwa ukali wote uliobaki.

Hakusikia maumivu. Ulimi uliondoka tu, kama mgeni asiyeaga. Kamishna alimtazama kama mtu aliyeona ufunguo ukitumbukia chooni.

Nyuma yao Sevelina alitoa mlio. Hakuwa na ulimi wa kuufanya uwe neno, lakini Kandida aliuelewa vizuri sana.

*

Hawakumfunga. Adhabu ya matusi alishaipata, na kosa jingine la kumshtaki halikupatikana. Walimwondoa kazini kwa upole.

Siku ya arobaini ya Mzee Alkwin watu walijaa tena uani. Otmar aliwapokea wageni wote, akampita dada yake kama anavyoupita mti. Alishaambiwa: dada yako alikuwa na uwezo wa kumfungua Mama Kikoti, akachagua kumfungia. Hilo halikuwa uongo. Kandida asingeweza kulijibu hata kama angekuwa na ulimi.

Kina mama walikuwa wakichekecha unga pale Sevelina alipoingia. Alivaa koti la kijivu, amebeba fimbo, na alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Wachache wakaanza kucheka, kisha wakaona uso wake wakaacha. Alikatiza uani moja kwa moja. Alipofika kwenye ungo akachota unga kwa viganja viwili, akaenda kusimama mbele ya Kandida, akamtupia wote usoni.

Unga ulimjaa Kandida machoni, puani, ukamwagika kifuani kwenye nguo nyeusi. Moyo wake uligonga mbavu kama siku ile kaburini, zaidi ya siku ile.

“Jamani,” shangazi mmoja aliuliza, “huo ni utani au ni ugomvi?”

Watu wakafanya walichozoea kufanya. Wakatazama mataya. Lakini hakuna neno lililosemwa, na ushanga usiposikia neno ni kokoto tu chini ya ngozi. Mataya yote mawili yalikuwa meusi. Otmar, ambaye maisha yake yote hakutaka kifaa kimwamulie, alikuwa naye amekaza macho kwenye taya la dada yake, akisubiri taa.

Kandida alifuta macho. Alimtazama Sevelina usoni kwa karibu, kama watu walivyolazimika kutazamana zamani, kabla yeye hajawapunguzia kazi hiyo. Chuki ilikuwemo. Aliiona waziwazi, nayo ilikuwa na haki ya kuwemo. Lakini mtu anayekuja kwa chuki tupu, koti la nini? Kuchechemea kwa nini? Alitafuta jibu kwenye midomo ile iliyofungwa, kwenye mikono myeupe kwa unga, asilipate. Hakukuwa na wa kumuuliza. Ilibidi achague mwenyewe, na akikosea, akosee mwenyewe.

Akaamua ni utani. Akainama kwenye ungo, akajaza viganja vyake, akaanza kumfuata Sevelina Kikoti uani kote, akichechemea mguu wa kushoto.